Zamu ya Najiat

Mwanahawa alianza kupotea akiwa hapo hapo Tabora mjini. Alitoka kwenda sokoni, majirani wakamrudisha kutoka barabara ya Nzega, akisema anamfuata mumewe aliyekwisha kufa. Mwaka mzima wanawe, Lukumani seremala na mdogo wake Najiat, walimlinda kwa zamu, mlango ukiwa na kufuli.

"Tumpeleke mahali akapumzike," Lukumani alisema Septemba. "Na sisi tupumzike."

Wakaazima gari na hema, wakaenda kupiga kambi ng'ambo ya Igalula, kando ya mto uliokauka. Ulikuwa mchanga mtupu, na miti isiyo na jani hata moja. Jioni ile mama yao alifukia miguu mchangani akacheka. Walikuwa hawajamsikia akicheka tangu Ramadhani.

"Babu yake babu yangu alipita huku na pembe ya ndovu begani," aliwaambia, akionyesha mashariki. "Akienda pwani. Hakurudi."

Kesho yake mchana jua lilikuwa kali. Lukumani alikuwa macho tangu alfajiri.

"Lala, kaka," Najiat alimwambia. "Namwangalia mimi."

Mama alikuwa amejilaza mkekani. Najiat akaegemea tairi la gari, akafumba macho ili kuyapumzisha tu.

Alipozinduka kivuli kilikuwa kimehama, na mkeka haukuwa na mtu.

Nyayo zilifuata mchanga, zikapanda ukingo, zikaishia kwenye ardhi ngumu. Waliita mpaka sauti zikakauka. Lukumani akaendesha gari hadi kijijini, akarudi na mkulima mmoja, Damas, na wanaume kumi na wawili. Walitafuta mpaka giza likawazuia. Chupa zote za maji zilikuwa bado ndani ya hema.

Siku iliyofuata, saa nne asubuhi, Damas alikuja peke yake, kofia mkononi.

"Poleni," alisema. "Tumemkuta. Amekwisha fariki."

Alikuwa amelala ubavu chini ya mti mkavu, mbali sana na kambi, midomo imepasuka.

Walimzika Tabora kabla ya magharibi. Msibani Mwanne, mdogo wa marehemu, aliuliza mbele ya watu, "Nani alikuwa naye?"

Najiat alifungua mdomo.

"Mimi," Lukumani akasema. "Nilipitiwa na usingizi."

Baadaye Najiat alimfuata uani. "Kwa nini umesema vile?"

"Safari niliitaka mimi."

"Lakini zamu ilikuwa yangu."

"Najua."

Najiat alitaka kurudi ndani awaambie. Mwanne akamwita ale, akamkumbatia, akamwita yatima wa watu. Najiat akala.

Arobaini ilipita. Mwanne hakumwitikia tena Lukumani shikamoo yake. Wateja wakapungua, mmoja alikuja kuchukua mbao zake kabla kitanda hakijaisha. Desemba Lukumani akafunga karakana, akaamua kuhamia Kaliua. Najiat alimsindikiza stesheni.

"Nitawaambia, kaka."

"Waambie ukitaka. Sitakuzuia."

Treni ikaondoka. Nyumbani Mwanne alikuwa anachambua mchele.

"Ameshaondoka?"

"Ameshaondoka, mama mdogo."

"Afadhali," alisema Mwanne.

Najiat akaketi, akavuta ungo, akaanza kumsaidia.