Pompon Abadilishiwa Chakula

Siku Landry alipompa rafiki yake Patrick mfuko wa kroketi za paka, Mwavita alikuwa jikoni anaosha masufuria, akanyamaza. Kunyamaza kule ndiko alikokuja kukujutia, kwa sababu alijua.

Mfuko wenyewe ulikuwa umebaki nusu. Madame Danielle, mwenye nyumba, ndiye aliyekuwa akiuleta kutoka Ulaya ndani ya sanduku lake la nguo, maana maduka ya mjini yaliyouza chakula cha paka yalikauka tangu mizigo ilipoanza kukwama. Hivyo vidonge vikavu vya rangi ya kahawia, vyenye harufu ya samaki na ya sabuni kwa pamoja, ndivyo alivyokula Pompon tangu aache kunyonya. Pompon alikuwa dume aliyehasiwa, mnene, manyoya ya kijivu, na katika miaka yake sita hakuwahi kukamata hata panzi.

Danielle alikuwa amekwenda Brussels kwa mafunzo ya wiki tano. Nyumba yake ya mtaa wa Kibenga alimwachia mdogo wake Landry. Paka alimwachia Mwavita. "Asubuhi kikombe kimoja, jioni kimoja," alimwambia akiwa tayari mlangoni. "Usimubadilishie kabisa." Na daktari wa mifugo aliyekuja kumchanja Pompon mwezi uliotangulia alisema vivyo hivyo, palepale barazani, Mwavita akiwa amemshika paka miguu: tumbo la paka halipendi mageuzi ya ghafla.

Kwa hiyo alijua.

"Mbwa ya Patrick inakufa na njaa," Landry alisema huku akiufunga mfuko. "Na sisi hapa tunalisha paka vitu vya kuletwa na ndege. Watu wanapiga foleni ya sukari, Mwavita! We mwenyewe, lini ulikunywa chai ya sukari?"

"Ni siku mingi, monsieur Landry."

"Eh basi. Umupe ndagala kama paka zingine. Na ule mukeke wa jana."

Na tuseme ukweli: Mwavita hakuchukia. Kitu fulani ndani yake kilifurahi. Miezi saba alikuwa akipiga magoti kila asubuhi kumpimia mnyama chakula kwa kikombe, kisha jioni anatembea hadi kwake, mtaa wa Kinama, kwa sababu mabasi hayana mafuta, akifika anakuta sufuria imelala. Alichukua sahani ya Pompon, ile ya kauri iliyoandikwa jina lake, akapakua ndagala, yaani dagaa, waliokaangwa kwa vitunguu na mawese, akaongeza kichwa cha yule samaki wa mukeke, akaitua chini kwa kishindo.

"Onja na wewe," alimwambia moyoni.

Pompon alinusa, akaizunguka sahani mara mbili, kisha akala. Alikula kwa pupa mpaka akaramba kauri.

Kesho yake asubuhi Mwavita alikuta matapishi kwenye kiti cha Danielle, na kwenye zulia jeupe la sebuleni uharo wa rangi ya mawese, umetapakaa kuanzia dirishani hadi mlangoni. Landry alitukana kwa Kifaransa, akatukana kwa Kirundi, akatoka. Mwavita alisugua zulia lile hadi saa sita. Siku ya pili paka alikula kidogo, akaharisha tena. Siku ya tatu aliikaribia sahani, akanusa, akageuza uso, halafu akaanza kuparua sakafu kwa mguu wa mbele kuizunguka sahani yote, vile paka anavyofukia mavi yake. Siku ya nne hakuja kabisa. Alijikunyata chini ya kabati la vyombo, macho nusu wazi.

"Hakuli," Mwavita alimwambia Landry.

"Njaa itamufundisha. Paka za Kinama zinakula hata maganda ya ndizi."

"Zile zimezoea. Huyu hajazoea."

"Atazoea."

Mwavita alikuwa na ndoo mkononi. Aliiweka chini. Neno lile alikuwa amekwisha kulisikia.

Alilisikia mwaka uliopita, kwenye kambi ya wakimbizi, wiki ile waliyovuka mto Ruzizi. Vita vilikuwa vimeshuka uwandani, na yeye na mwanawe Espoir, mtoto wa miaka miwili na nusu, walikaa siku tano wamejificha kwenye matete, wanatafuna miwa na kunywa maji ya mto. Walipofika kambini wakapewa unga wa mahindi na maharage. Akina mama wengine walilalamika kwamba maharage ni makavu, hayaivi, watoto watayawezaje, na mtu aliyekuwa akigawa akasema, bila ubaya wowote, "Mutazoea." Mwavita yeye hakulalamika. Alifurahi. Alipika, akamjazia mwanawe sahani, akamlisha kwa mkono wake, na kila Espoir aliponyoosha mkono kuomba tena alimwongezea. Mtoto aliyekuwa hajala siku tano! Nani angemnyima? Usiku ule tumbo likamfungua. Kesho yake akawa anakisukuma kijiko kwa ulimi. Foleni ya zahanati ilikuwa imezunguka mahema mawili. Siku ya tatu, zamu yao ilipokaribia, hapakuwa tena na haja ya kuendelea kusimama.

Majirani zake wa Kinama bado walimwita Mama Espoir. Kibenga hakuna aliyejua.

Sasa alipiga magoti mbele ya kabati, akamvuta Pompon kwa taratibu. Paka hakupinga. Alimpeleka dirishani, akalifunua sikio lake ili aione ngozi ya ndani kwenye mwanga. Ilikuwa ya manjano. Akafunua mdomo, na fizi hivyohivyo.

Hakumwomba Landry ruhusa. Namba ya daktari ilikuwa imebandikwa kwenye friji, naye akaipiga kwa simu yake mwenyewe.

Docteur Elysée alifika saa tisa alasiri, kwa miguu kutoka barabara kuu, shati limelowa jasho, gari lake likiwa limelala siku ya sita kwa kukosa mafuta. Alimpima Pompon, akambonyeza tumbo, akamtazama macho. Alimchoma sindano ya maji chini ya ngozi ya mgongo, kisha akaketi kwenye ngazi ya jikoni na kumwonyesha Mwavita akae naye.

"Nani alimubadilishia chakula?"

"Ni mimi, docteur. Nilimupa ndagala na kitunguu."

"Kwa mara moja?"

"Kwa mara moja."

Daktari hakumkaripia. Akaanza kumweleza, na alieleza polepole, kama mtu mwenye siku nzima. Kwamba vitunguu kwa paka ni sumu, asirudie hata kidogo. Kwamba tumbo lililozoea chakula kimoja kwa miaka, ukiligeuza kwa siku moja, linatupa kila kitu. Kwamba paka akiumwa baada ya kula kitu, anakichukia kitu hicho, hata njaa imuue. Na kwamba paka mnene asipokula vizuri siku tatu au nne, mafuta ya mwili wake yanakimbilia kwenye ini na kulijaza, ini linashindwa, na ndipo masikio yanakuwa ya manjano. Akachora ini nyuma ya karatasi ya dawa.

"Kwa hiyo huyu si kiburi," alisema. "Hata akitaka kula sasa, hawezi. Inabidi umusaidie. Kuku ya kuchemsha, bila chumvi, bila kitunguu, isage na supu yake. Iwe vuguvugu, paka anakula kwa pua kwanza. Umupe na bomba la sindano, pembeni ya mdomo, kidogo kidogo, mara sita kwa siku. Usimujaze. Leo robo, kesho uongeze kidogo. Ukimujaza siku ya kwanza, unaweza kumuua na chakula chenyewe."

Mwavita aliitazama ile picha ya ini.

"Docteur," alisema. "Na mutu? Mutoto, kama amekaa siku mingi na njaa?"

"Ni vilevile," daktari alisema, akikusanya vitu vyake. "Mutoto wa njaa haumujazi sahani. Uji mwepesi, vijiko viwili, unangoja, unaongeza. Watu wengi hawajui." Akasimama, akajipangusa suruali. "Una swali lingine?"

"Apana, docteur. Asante."

Alimsindikiza hadi getini. Aliporudi jikoni alisimama mbele ya jiko bila kuwasha moto. Robo saa. Daktari alikuwa amekaa naye robo saa nzima, amemchorea na picha, kwa ajili ya paka. Hakuwa na uchungu na daktari. Yeye alifanya kazi yake. Uchungu aliokuwa nao haukuwa na mtu wa kumtupia.

Akawasha moto, akachemsha kuku.

Alilala kwa Danielle siku kumi na mbili, kwenye godoro la stoo, kwa sababu milo sita kwa siku haimruhusu mtu kutembea hadi Kinama na kurudi. Siku tatu za kwanza Pompon alitema zaidi ya alichomeza. Mwavita alimfunga taulo, akambana kwapani, akangoja ameze ndipo aongeze. Wakati mwingine paka aliusukuma ule mchuzi kwa ulimi, naye Mwavita alilazimika kugeuka kwanza na kutazama ukuta. Siku ya sita manjano yalianza kufifia. Siku ya nane Pompon alinyoosha shingo, akalamba kidole chake chenye supu. Siku ya kumi na moja alikula nyama ya kuku mwenyewe, kwenye kiganja cha Mwavita, na si mahali pengine. Ukiweka kwenye sahani ile ya kauri, aliigeuzia mgongo.

Landry alipita, akaona, akacheka. "Si unaona? Nilikwambia atazoea."

Danielle alirudi siku ya Jumamosi. Landry ndiye aliyempokea uwanja wa ndege, na njia ni ndefu ya kutosha kumaliza habari. Alipoingia hakusalimia. Alimchukua Pompon, akampapasa mbavu zilizokuwa zimejitokeza.

"Mwavita, nilikuachia kitu kimoja tu. Kimoja."

"Madame, zile kroketi—"

"Landry ameshanieleza. Ziliisha, na badala ya kuniuliza ukamupa vitunguu. Vitunguu!"

"Hazikuisha, madame. Zilienda kwa mbwa ya Patrick."

Danielle akamgeukia ndugu yake. Landry alikuwa akitazama simu.

"Landry?"

"Ah, zilibaki kidogo tu. Sijui huyu anasema nini."

Mwavita aliuona uso wa Danielle ukipima. Haukuchukua muda. Ndugu ni ndugu.

"Nilikosea na vitunguu," Mwavita alisema. "Hiyo ni yangu, nimeikubali hata mbele ya docteur. Lakini muulize yeye nani alimupigia simu, na nani alimulisha."

"Bon. Yamepita. Pompon anaishi, Mungu asifiwe. Lakini kuanzia leo sitaki uguse chakula chake. Olga wa jirani atakuwa anakuja kumulisha. We utabaki na jikoni na nguo."

Mwavita hakuondoka. Alikuwa na maneno mengi, na yaliyotoka hayakuwa yale aliyoyapanga.

"Madame, mi nilikuwa na mutoto."

"Mutoto gani?"

"Espoir. Alikufa mwaka jana kambini, juu ya ugonjwa wa tumbo. Nilimulisha vibaya. Hakuna mutu aliniambia."

Danielle aliweka mkono mdomoni. "Miezi yote hii! Kwa nini hukuniambia?"

"Hamukuniuliza."

"Pole, Mwavita. Pole sana, kweli." Akambadilisha Pompon mkono. "Mais... hiyo na Pompon inahusiana wapi?"

Alikuwa anauliza kwa dhati. Hilo ndilo lililomaliza kila kitu. Mwavita alitazama ule uso wenye huruma usioelewa kitu, akaona kwamba hata akieleza hadi jioni haitasaidia. Alifungua aproni, akaikunja, akaiweka juu ya kiti. Viatu vyake vilikuwa nyuma ya mlango. Pompon alimfuata kwa macho, akalia mara moja, na Danielle akamkumbatia zaidi.

Wiki ya pili, Jumapili baada ya ibada, Mwavita alikuwa Kinama mbele ya mlango wa jirani yake Consolate, wanatwanga sombe, majani ya muhogo, la kuuza, simu ikalia.

"Mwavita, ni Danielle. Tangu uondoke Pompon anagusa chakula tu, na tangu Ijumaa hajala kabisa. Nilipata kroketi nyingine, si za aina ile, Olga alimuwekea, amekataa. Kuku vilevile amekataa. Docteur yuko Gitega, amekosa gari. Njoo, nakuomba. Anakula kwa mukono wako tu."

Mwavita aliegemeza mchi ukutani. Mnyama hakumkosea kitu.

"Madame, sikiliza. Toa hizo kroketi mpya, asizione. Chemsha kuku, bila chumvi. Iwe vuguvugu, si ya friji. Usiweke kwenye sahani yake, weka kwenye kiganja, ukae chini, usimutazame. Akikataa, tumia bomba la sindano, pembeni ya mdomo, kidogo. Ngoja ameze. Usimujaze. Akianza kula vizuri, ndipo uchanganye kroketi, robo siku tatu za kwanza, kisha nusu, kisha robo tatu, mpaka siku kumi. Na uangalie masikio yake kwenye mwanga."

"Nimeandika. Nimeandika yote. Lakini unakuja?"

"Apana, madame."

"Mwavita, atakufa."

"Mi nimekuambia yote yenye najua," Mwavita alisema. "Mimi hakuna mutu aliniambia hata moja."

Akakata. Alikuwa ameyasema yote bila kukwama, kama mtu aliyesomea, na sasa akaketi kando ya kinu, mchi akauacha ukutani.

"Ni nani, Mama Espoir?" Consolate aliuliza.

"Ni kule nilikokuwa nafanya kazi."

"Wanakurudisha?"

"Wanataka nikalishe paka."

Consolate alicheka kidogo, kisha akamwona usoni, akaacha. Akausogeza mchi wa Mwavita kando, akaendelea kutwanga peke yake. Danielle hakupiga tena, wala Mwavita hakuwahi kujua kama Pompon alikula.