Kopo la Kabatini

…na kidole gumba ndicho kigumu kuliko vyote, ukucha umekakamaa, hata baada ya robo saa ndani ya beseni la maji ya vuguvugu bado unaruka ukikatwa, huo umeruka mpaka chini ya kitanda, na baba anautazama ulikoishilia anasema vizuri sana, na dada yangu anapaza sauti kutoka jikoni, "Pacha, umelipata hilo daftari? Mgeni anamalizia chai," nami najibu bado, natafuta, ilhali daftari ninalo hapa mapajani, chini ya taulo, na juu ya taulo umelala mkono wa baba, mkono ule ule ulioliandika, na mimi nimeushika kidole kimoja kimoja kama mtu asiye na haraka, vizuri sana, anasema tena, sasa analiambia beseni, maana tangu kiharusi kimpige, mwezi wa nne huu, maneno aliyobakiwa nayo ni hayo mawili tu, daktari alisema kichwani anaelewa kila kitu, kasoro ni mdomo, na siku ile ya kwanza hospitalini nilipomfuta mate akanitazama usoni akaniambia vizuri sana, nilitoka nje ya wodi nikalia mpaka mfagizi akaniletea kiti, miaka arobaini na mmoja nimemaliza bila kuyasikia kwake, nikanawa uso, nikarudi, nikamkuta anamwambia nesi aliyekuwa akimdunga sindano, vizuri sana, akaiambia dripu, akauambia mlango uliojifunga kwa upepo, na mimi nimesimama pale na kitambaa chenye mate yake mkononi, mjinga wa kutupwa…

Kidole cha shahada sasa, hiki ndicho alichokuwa akikinyoosha darasani, na sebuleni mgeni anaongea na dada yangu, namsikia nusu nusu, sauti ya mtu aliyezoea kusikilizwa, "…kwa sababu Mwalimu alitufundisha jambo moja ambalo hatukulikuta kwenye kitabu chochote, usimsifu mtoto, sifa haiongezi kitu, na hakulisema hivi hivi, alilipima," alikuwa mwanafunzi wa baba pale chuo cha ualimu, leo ndiye mkuu wa chuo, alasiri wanafungua maabara mpya na kuipa jina la baba, naye anataka asimame mbele ya watu asome ukurasa wa mwisho wa daftari, "mimi nimeongoza shule tatu kabla ya kuja chuoni," anasema, "sijawahi kumwambia mtoto hongera, na wamefaulu," na dada yangu anacheka kwa adabu, dada yangu ambaye hajui kilichomo, shule tatu, niliwaza ni watoto wangapi hao nikaacha kuwaza, kwa sababu aliyeanza ni mimi, mimi ndiye ukurasa wa mwisho, nimejikuta leo saa kumi na mbili asubuhi ndani ya sanduku la bati, chini ya mitihani ya zamani, daftari la jalada jeusi lenye mwandiko ule uliosimama wima, na mstari wa kwanza unasema A atasifiwa, B hatasifiwa wala kukaripiwa, chakula kimoja, kitanda kimoja, viatu vya aina moja, umri miaka saba, nimerusha sarafu, ndivyo alivyoandika, na huyo B ni mimi.

Alirusha sarafu, hapo ndipo nilipoketi sakafuni, maana miaka yote nilidhani kuna kitu nilikosea, nililia sana utotoni, au mama alipofariki tukiwa na miaka mitano nilisema neno, au sura yangu tu, ingawa sura yetu ni moja, nilishajitungia sababu za kutosha na nilikuwa nimezizoea, lakini sarafu, hata kunichukia hakunichukia, alifanya kama inavyotakiwa mtu afanye, asichague kwa moyo, mimi mwenyewe napima maji kwenye mtambo wa mji, najua kwa nini hatuchagui kwa moyo, na nilivyokuwa nafungua kurasa pale sakafuni nilijikuta nakagua kazi yake kama ninavyokagua ya vijana wangu, mitihani yetu ya kila muhula alimpa mwalimu mwenzake aisahihishe bila majina, safi, alibadilisha kitu kimoja tu, safi, alijiandikia tangu mwanzo anachotarajia kabla hajaanza, safi kabisa, kasoro ni watoto wawili tu, na wawili hawatoshi kuthibitisha chochote, hilo aliliandika mwenyewe pembeni kwa wino mwekundu, kwa bahati mbaya ninao wawili tu, kwa bahati mbaya, baba, na nakumbuka yale makopo mawili ya maharage, kila aliyepita mikononi mwake anayakumbuka, moja dirishani, moja ndani ya kabati, udongo mmoja, maji kifuniko kimoja kila asubuhi, nikamuuliza hili la kabatini limekosa nini, akasema halijakosa kitu, bila hili, lile la dirishani halituambii lolote, na nilifurahi, Mungu wangu, nilifurahi kwa sababu alinijibu sentensi nzima.

Nimembana nyama kidogo, kwa makusudi, nilitaka nione, tone la damu limechungulia pembeni mwa ukucha, na mkono umeshtuka, kwa hiyo anahisi, akanitazama, akasema vizuri sana, basi nimeona, neno linatoka nikimtendea mema na linatoka nikimuumiza, na kitu kinachotoka sawa kwa kila hali hakipimi kitu, kipimo cha namna hiyo kazini tunakitupa, nafuta damu kwa pembe ya taulo, nahamia kidole cha kati, na jikoni sufuria imeanguka, dada yangu anajichekesha, sauti yake ile ile ya njiani asubuhi tukienda shule, mifuko yetu ikigongana, akiniambia jana ulipolala baba kasema una mwandiko mzuri, baba kasema hesabu ile ya sehemu hata yeye ingemchelewesha, ila usimwambie baba kama nimekwambia, kila asubuhi kitu kimoja, miaka mitano, naye alikuwa akisifiwa mezani mbele yangu, mimi nikila kimya bila wivu, kwa sababu nilijua zamu yangu itafika kesho njiani, nilijua baba ni mtu wa kuona haya, ananisifu nikiwa nimelala, niliishi kwa hilo, nimesoma kwa hilo mpaka nikavaa koti jeupe, na leo asubuhi nimetafuta ndani ya daftari usiku mmoja tu aliosema hivyo, mmoja, hakuna, ila kila mwisho wa wiki ameandika sharti la B limezingatiwa, sahihi, tarehe, kwa hiyo yote aliyatunga dada yangu, mtoto wa miaka saba na mfuko wake mgongoni, alikuwa anafungua kabati kila siku anaingiza mwanga, na baba hakujua, ndiyo maana ukurasa wa mwisho A ana wastani themanini na moja na B themanini na moja, naye akapiga mstari chini, akaandika kwa kujiamini sifa haina athari katika kujifunza, akaenda nayo chuoni kuwafundisha walimu, nao wakaenda nayo kwa watoto, wakati sampuli ilishachafuliwa tangu siku ya kwanza, na sampuli ikichafuliwa huandiki matokeo, unaimwaga.

Na kuna ukurasa wa mwaka wa tatu, huo ndio nimeukunja pembe, siku niliyomletea taa niliyoiunda kwa betri mbili, waya na balbu ya tochi mbovu, nimeibeba kwa mikono miwili tangu nje mpaka mezani kwake, ikawaka, akaitazama, akarudi kusoma gazeti, na daftari linasema B ameunda taa, hakuna aliyemfundisha, imewaka, kazi nzuri mno, nilitamani kumshika kichwani, nimejizuia. Nimejizuia, na tarehe, na sahihi. Angekuwa hakuiona ningemsamehe asubuhi hii hii, lakini aliiona.

"Pacha, mgeni anaangalia saa," na mimi nasema nakuja, nabaki nilipo, maana nilikuwa nimeamua tangu asubuhi nitamwambia mgeni mbele ya chai yake, lakini mgeni ni nani, mgeni ni bomba tu lililopitisha, anayestahili kuambiwa yuko hapa, kucha zake mkononi mwangu, anaelewa kila kitu na hawezi kunikatiza, nani amewahi kupata nafasi kama hii, nikainama sikioni kwake, harufu ya sabuni niliyomwogeshea mwenyewe, nikamwambia polepole, kama alivyokuwa akiwasomea wanafunzi maagizo ya mtihani, "Baba, nimelisoma daftari. Jaribio lako liliharibika. Kila asubuhi njiani dada alikuwa ananiambia wewe umenisifu, nami nilikuwa naamini, miaka yote mitano. Hukupima kitu. Ulininyima bure."

Nikamkata ukucha wa kidole cha kati, ukaanguka kwenye taulo, nikangoja lile neno, nilishakuwa tayari kulicheka, na halikuja. Macho yake yameenda mlangoni, upande wa jikoni, yakakaa huko alipo dada yangu, kisha yakarudi kwenye taulo, mdomo umefungwa, umefungwa na yeye mwenyewe, nauona msuli wa shavu ulivyokaza, huo ndio mdomo wa siku ya taa, kumbe bado anaweza, kumbe miezi minne hii angeweza kulizuia akitaka, na hakulizuia, kwangu, nilipomfuta, nilipomgeuza, nilipomlisha, basi sijui tena ni mara ngapi lilikuwa langu, na sitajua, nimelichafua mwenyewe, kwa mdomo wangu, na ninaona aibu kusema lakini nalitaka, hata lile tupu, hata lile analoliambia beseni, "Pacha, umelipata au hujalipata," nashika kidole cha pete, nakikata taratibu, mviringo mzuri, bila kumuumiza, napuliza vumbi la ukucha, namwonyesha kidole chake mwenyewe kwenye mwanga wa dirisha, kama nilivyoishika ile taa, na ninangoja.