Sifuri ya Arvid

Vumbi linacheza kwenye mwanga wa dirisha dogo la chumba cha chini. Kompyuta yako inavuma, Arvid, na feni yake inalirusha vumbi juu, juu tena, halipati kutua. Nami sipati kutua. Nimechoka, mume wangu. Nimechoka na ngazi hizi, na theluji ya Duluth mlangoni, na kukubeba hadi bafuni.

Unatafuta namba tasa, ile isiyogawanyika ila kwa moja na kwa yenyewe. Ni ndefu, jamani! Mtu akiisoma kwa sauti, tarakimu moja moja, bila kulala, mwaka utakwisha hajafika mwisho. Mashine, kwa lugha yake, huiandika moja, moja, moja, hakuna kingine. Kisha inazidisha, inatoa mbili, inagawa, inachukua kinachobaki; inazidisha, inatoa mbili, inagawa. Mwishoni kikibaki sifuri, umeipata. Watu wazima na akili zao, wanangojea sifuri!

"Ikitoka sifuri tunahamia kwa Karin," uliniahidi. Kwa binti yetu hakuna ngazi. Kwa binti yetu kuna mikono mingine. "Lakini usiizime, bibie. Hata kwa kufuta vumbi, usiizime."

Nimechoka, Arvid, lakini sikuizima.

Mwezi uliopita ikatoka sifuri. Wee! Ulilia wewe, nikalia mimi, nikashusha masanduku kutoka darini. Ikabaki desturi yenu wawindaji wa namba: mwenzako wa Manitoba airudie hesabu yote kwa mashine yake, na hadi ajibu, yako isizimwe.

Leo asubuhi amejibu. Si sifuri. Feni yako imezibwa na vumbi, mashine ikapata joto, ikakosea njiani.

Nikasimama kwenye ngazi na habari ile kifuani. Ujumbe wako siku hizi nakusomea mimi. Ningesema tu, "Imethibitishwa, mzee," na kesho tungeondoka, wewe na furaha yako, mimi na mgongo wangu. Mungu anajua nilivyotamani.

"Signe! Mbona umeganda huko? Sema basi!"

"Inagawanyika, Arvid."

Kahawa ikapoa mkononi mwako.

"Kwa namba gani?"

"Kipimo hakisemi. Kinasema zipo tu."

"Kumbe." Ukayatazama masanduku yangu pale mlangoni, ukayatazama sana. "Muda wote huu naiona iko peke yake, kumbe ina wenzake. Nimekuchosha, mama Karin."

"Umenichosha, kweli."

"Haya. Kaizime."

Nimeshuka. Nimebonyeza. Feni imezunguka polepole, ikasimama, na kimya chake kikaniliza kama mjinga, mimi niliyeichukia. Kwenye mwanga wa dirisha vumbi linashuka sasa, taratibu, linatua juu ya mashine, linatua juu ya mikono yangu. Silifuti. Nakaa nalo kidogo, halafu nitapanda nikuvishe koti.