Aliyelazwa Jaani

Siku mwenyekiti wa kijiji cha Umoja alipotangaza kwamba mtaalamu wa mambo ya kale anahitaji watu wa kuchimba jaa la zamani kule Chipwapwa, mkutano mzima ulicheka mpaka watu wakashikana mabega. Somoe Chande peke yake hakucheka. Aliinuka mkekani, akajifunga kanga yake sawasawa, akawa wa kwanza kusimama mbele ya meza.

"Shemeji Somoe!" akapaza sauti Athumani, rafiki wa mumewe aliyehamia Umoja kutoka kitongoji kingine, mtu ambaye mdomo wake haukujua kupumzika. "Umekosa jalala la kwako la kuzoa, hata ukaombe la serikali?"

"Nimekosa," akajibu Somoe. "Nipishe niandikishwe."

Watu wakacheka tena. Hawakujua, au waliojua walikuwa wamesahau, kwamba katika jaa lile Somoe alikuwa na mtoto.

Chipwapwa kilikuwa kitongoji chao kabla ya kuhamishwa. Kilikuwa kando ya bahari, njia ya kwendea Msimbati, na nyuma ya nyumba zake palikuwa na kilima cheupe cha makombe ya chaza na tondo, majivu na vigae, ambacho hakuna aliyejua kilianza lini. Kila mwanamke alitupa taka zake juu ya taka za bibi yake, na bibi juu ya taka za watu wasiojulikana majina.

Wanawake wa Chipwapwa walikuwa na desturi yao, ambayo wanaume waliijua bila kuisema. Mtoto aliyezaliwa bila kulia hakupelekwa makaburini. Mkunga alimzungushia kitambaa cheupe cha bafta, akamweka katika chungu kipya, akakifunika kwa kombe kubwa, akamlaza ukingoni mwa jaa. Mtu wa mbali angesikia, angesema ametupwa. Lakini makaburi yalikuwa ng'ambo ya mikorosho, na mwanamke hakwenda huko ila kwa msiba. Jaani alikwenda kila alfajiri na ufagio wake. "Asiyelia hapelekwi mbali na mama yake," alisema Bi Zainabu, mkunga, siku alipomlaza mtoto wa Somoe upande wa magharibi, karibu na kisiki cha mkwaju. Somoe hakupata mwingine baada ya yule. Tangu siku ile taka zake alizitupa upande wa pili, na kila alipopita penye kisiki alisema kwa sauti ndogo, "Umeamkaje?"

Kisha likaja agizo la kuhamia kijijini. Lori lilikuwa tayari linanguruma, vyungu na magodoro vimekwisha kupakiwa, Somoe akataka kurudi mara moja nyuma ya nyumba. Mgambo, kijana wa watu, akamwambia bila ukali, "Mama, huko jalalani unafuata nini? Panda, twende." Somoe akakitazama kile kilima cheupe. Akapanda.

Hatuwezi kusema kwamba Umoja palikuwa pabaya. Palikuwa na kisima, palikuwa na zahanati, na palikuwa na shule nyeupe iliyoonekana tangu barabarani, ambayo wanakijiji waliijenga kwa mikono yao. Hata chokaa waliichoma wenyewe. Wanaume walileta makombe kwa mitumbwi mpaka tanuuni, wanawake wakachota maji na kuimba, na Somoe alikuwa mmoja wa walioimba kwa sauti kubwa. Jioni, katika shule hiyohiyo, alisoma kisomo cha watu wazima. Alikuwa na mahali pake, nyuma, penye ukuta. Ndipo alipojifunza kuandika jina lake. Lakini nyuma ya nyumba yake mpya palikuwa na mchanga mtupu, na kila alfajiri alipotoka na ufagio hakuwa na wa kumwamkia.

Kwa hiyo aliposikia kwamba jaa litachimbwa, mambo mawili yalimjia pamoja. La kwanza lilikuwa hofu: mikono ya watu wengine itamfikia. La pili lilikuwa tumaini: ikiwa mkono wake utakuwapo, atamchukua, amlete Umoja, amlaze nyuma ya nyumba. Akanunua kipande cha bafta nyeupe, akakikunja, akakifutika kiunoni ndani ya kanga. Kila siku ya kazi alikwenda nacho.

Mtaalamu alikuwa mwanamke wa bara, mrefu, mwenye suruali, jina lake Yustina. Alikataa kuitwa Bibi Mkubwa. "Niiteni Ndugu Yustina," akasema, akavua viatu, akapiga magoti makombeni. Aliwafundisha kuchimba kwa mwiko wa mwashi na brashi, si kwa jembe, wakiondoa tabaka moja jembamba baada ya jingine, kama mtu anayefunua kurasa za kitabu kilicholowa maji. Kila karai la udongo lilipelekwa kwa Somoe, naye alilichekecha na kutenga: mifupa ya samaki huku, vigae huku, shanga huku.

"Ndugu Yustina," akauliza Athumani siku ya kwanza, "wahenga walisema mavi ya kale hayanuki. Wewe umetoka Dar es Salaam kuja kuyanusa?"

"Nimekuja kuyasoma," akajibu Yustina. "Mtu akiandika habari zake hujisifu. Jaa halimsifu mtu. Linasema alikula nini, na alivunja nini."

"La kwangu litasema mihogo. Mihogo juu, mihogo chini, na katikati mihogo."

"Na mdomo wako, watauonea wapi?" akauliza Somoe, na kwa mara ya kwanza Yustina akacheka nao.

Katika kucheka huko Somoe akapata ujasiri wa kuuliza lililomkaa rohoni. "Ndugu, upande ule wa magharibi mtaufikia?"

"Tutaufikia. Tukimaliza katikati tutakata handaki mpaka ukingoni."

Somoe akatazama upande ule. Vichaka vilikuwa vimeota kupita kimo cha mtu, na kisiki cha mkwaju hakikuonekana. Akajiambia kwamba kimefunikwa na majani.

Siku moja chungu kilionekana katikati ya jaa, chini kabisa, jua lilipokuwa limeanza kuchoma migongo. Yustina aliwaita wote. Kilikuwa kimelala kwa ubavu, kimepambwa shingoni kwa mistari ambayo Somoe hakupata kuiona kwa mfinyanzi yeyote, na mdomoni kimefunikwa kwa kombe kubwa. Yustina alilinyanyua kombe kwa ncha za vidole. Ndani, katika mchanga, mlikuwa na mifupa myembamba kama njiti za kiberiti.

Athumani akavua kofia. "Masikini," akasema. "Wakamtupa na taka."

"Hapana, ndugu yangu," akasema Yustina. "Tazama. Anayetupa hafuniki. Na tazama hapa juu yake: majivu, kisha mchanga, kisha majivu, matabaka membamba membamba. Mtu alikuwa akija hapa kila mara. Nami siwezi kulithibitisha, lakini nadhani mama yake hakutaka akae mbali."

Somoe akaiweka chekeche chini. "Ana muda gani?" akauliza.

"Labda miaka elfu moja. Labda zaidi. Watu hawa hawakutuachia andiko hata moja. Wametuachia hiki."

Siku ile Somoe alirudi Umoja akitembea kama msichana. Miaka elfu moja, na kombe halijasogea mdomoni! Wa kwake hakuwa na hata miaka minane. Kumbe ardhi ni mtunzaji mwaminifu. Usiku wa furaha hiyo alimpikia mumewe Mfaume samaki wa nazi, na Mfaume alipomuuliza kuna nini, akasema, "Kula tu, baba. Kesho kutwa nitakuambia."

Asubuhi walipofyeka vichaka vya magharibi, Somoe aliomba aachie chekeche, achimbe yeye. Yustina akampa mwiko. Akapiga magoti mahali alipokadiria kisiki kilikuwa, akaondoa tabaka la kwanza, la pili, la tatu. Udongo haukuwa kama wa katikati. Ulikuwa mlaini, mweusi, umechanganyika na vipande vya mkaa, na makombe yalikuwa machache. Akachimba zaidi. Yakatokea majani ambayo hayajaoza, kisha mpini wa jembe uliovunjika.

Yustina akaja, akachuchumaa, akapitisha kidole ukutani mwa handaki. "Hapa mpangilio umekatika. Unaona mstari huu unaoshuka? Watu walichimba hapa si zamani, wakaondoa vyote, kisha wakafukia. Sijui walikuwa wakitafuta nini."

"Ah, hapo!" akasema Athumani, akiegemea koleo lake. "Ndugu Yustina, hapo ungeniuliza mimi, nisingekuacha usumbuke. Hapo ndipo tulipochota makombe ya chokaa ya shule. Palikuwa karibu na maji, mitumbwi inasogea mpaka hapa. Hata kisiki cha mkwaju tulikitia tanuuni. Kiliwaka siku mbili, kisiki kile!"

Somoe hakugeuka. "Mlikuta nini?"

"Tukute nini, shemeji? Makombe."

"Hakukuwa na chungu?"

Athumani akafikiri, kwa moyo mwema wa mtu anayetaka kusaidia. "Kilikuwapo kimoja. Jembe lilikipiga, kikapasuka. Tukakizoa humo humo, tukapakia. Nani atachagua jalala, shemeji? Mwenyekiti alikuwa akituhimiza, shule iezekwe kabla ya mvua." Akamtazama mgongo wake. "Kwani kilikuwa chako?"

"Kilikuwa changu," akasema Somoe.

"Basi nitakununulia kingine Mtwara mjini, cha chuma, kisichovunjika."

Alisema kwa mzaha, naye Somoe hakumchukia. Angemchukiaje? Siku ile ile yeye mwenyewe alikuwa pwani, mtungi wa maji kichwani, akiongoza wimbo. Alikumbuka moshi. Alikumbuka jinsi walivyoshangilia makombe yalipogeuka meupe kama unga, na jinsi alivyochota kwa mikono miwili akawaonyesha wenzake akisema, "Tazameni, ni laini!"

Mchana Yustina aliandaa sanduku la mbao la kusafirishia chungu cha kale. Alikuwa akitafuta kitu cha kukizungushia. Somoe akafungua kanga yake kiunoni, akatoa bafta, akampa.

Yustina alikipokea kitambaa, akakitazama pindo zake zilizokunjwa kwa uangalifu. "Somoe, hii ni bafta mpya. Ulikuwa umeiweka kwa kazi gani?"

"Kwa kazi hiyo hiyo."

Mtaalamu akamtazama usoni, kisha akatazama handaki la magharibi, kisha akainamisha macho. Akarudi nyuma hatua moja, akamwachia nafasi. Somoe akakizungushia chungu bafta, akakunja huku na huku kama Bi Zainabu alivyofanya, akakilaza sandukuni. Athumani akataka kulibeba sanduku mpaka kwenye Landrova. Somoe akamzuia kwa mkono. Alilibeba mwenyewe, si kichwani bali kifuani, na njia nzima watu walimpisha, hata Athumani.

Gari lilipowashwa Somoe akainama dirishani. "Ndugu Yustina, huko anakokwenda, asiwekwe mahali penye giza."

"Nitamweka karibu na meza yangu," akasema Yustina.

Jioni Somoe alikwenda kisomo kama kawaida. Mwalimu alikuwa ameandika ubaoni, na akina mama walikuwa wakisoma kwa pamoja. Somoe akaenda mahali pake nyuma. Mwaka mzima alikuwa akiketi hapo akiwa amejitenga kidogo na ukuta, asichafue nguo. Sasa aliutazama kwanza. Kisha akageuka, akavua kanga aliyojitanda, akaiweka mapajani, akauegemea kwa mgongo wote.

"Mama Somoe," akasema mwalimu, "sogea mbele kidogo, utajipaka chokaa."

"Niache, mwalimu. Hapa pananitosha."

Akasoma pamoja na wenzake mpaka mwisho, na mgongo wake haukuondoka ukutani. Walipotoka nje, jirani yake Hadija akashangaa. "We Somoe! Mgongo wote mweupe! Simama nikupanguse."

"Usipanguse," akasema Somoe.

Akaikunjua kanga aliyoishika mkononi, akaipitisha mgongoni juu ya weupe ule, akaifunga mbele kifuani kwa mafundo mawili, kama anavyofungwa mtoto, akaenda zake nyumbani polepole.