Kilima Chenye Tai

Shemeji yangu ndiye mkurugenzi wa maabara yetu, na fizikia yote anayoijua ni kwamba kiti cha mkurugenzi kinazunguka. Tunamwita Picha. Hajawahi kuiona kamera akaipita bila kuisalimia.

Mwaka huu roho zetu zote zilikuwa kwenye chombo kimoja: kihisi cha kwantamu cha kupandishwa kwenye setilaiti, kipime mvutano wa dunia kutoka angani. Ndani yake tunazipoza atomi kwa mwanga wa leza mpaka zitulie kama watoto waliofinywa, kisha tunaziachia. Jinsi zinavyoanguka inatuambia uzito umelala wapi: mlimani, kwenye barafu, kwenye maji yaliyojificha ardhini. Huku chini zinafika sakafuni upesi mno. Angani zitaelea, nasi tutapima kwa nafasi. Lakini chombo kikishindwa jaribio la mwisho, nafasi yetu kwenye roketi wanapewa wengine, na jasho letu linaishia stoo.

Sharti la jaribio ni moja: chumba kiwe kitupu, maana kihisi kinahisi hata uzito wa mtu akikisogelea. Mlangoni tulibandika karatasi nyekundu, USIINGIE, kwa herufi kubwa, kwa faida ya shemeji. Tukakiacha kipime chenyewe Jumapili nzima.

Jumatatu tukakuta kwenye skrini mstari umenyooka, ghafla kilima, halafu mstari tena. Fundi wa leza, dada asiyecheka ovyo, akashika kichwa. Picha akachungulia, akapiga makofi.

"Madini hayo! Tumekalia utajiri!"

"Shemeji, madini gani yanakuja na kuondoka?"

"Wewe tangu nimuoe dada yako una kijicho."

Debe tupu haliachi kuvuma. Mkaguzi wa setilaiti, mama mwenye miwani inayoning'inia shingoni, alipofika mchana huo hakuvutiwa na utajiri.

"Hiki kilima ni nini? Kama hamna maelezo, chombo hiki siwezi kukipeleka popote."

Fundi akamgeukia Picha. "Bosi, jana uliingia mle chumbani?"

"Mimi? Nifuate nini? Semeni tu mashine yenu mbovu."

Mnaona? Heri chombo kife kuliko yeye aseme, "Niliingia." Nikameza tusi, nikatoa simu.

"Basi, shemeji, kabla hakijatupwa, hebu simama nacho nikupige ya ukumbusho."

Hakungoja niseme mara mbili. Akanyoosha tai, akaipita ile karatasi nyekundu ya mlangoni kama haioni, akakikumbatia chombo kama bibi harusi. Mkono ulijua pa kushika. Haukuwa mgeni pale. Huku kwetu, nje ya kioo cha chumba, kwenye skrini kilima kikaota.

"Rudi nyuma, shemeji, mwanga mbaya."

Akarudi. Kilima kikashuka.

"Haya, sogea tena."

Kikapanda. Mkaguzi akavaa miwani, akamtazama Picha, akaitazama skrini, akatia sahihi.

"Chombo kizima," alisema. "Mbovu ni mlango wenu. Wekeni kufuli."

Fundi wa leza akacheka mpaka akakaa chini. Kule ndani Picha bado katabasamu, kidevu juu.

"Imetoka vizuri?"

"Imetoka, shemeji! Kila mtu kakuona!"

Ameitundika ofisini. Wageni huambiwa ndiye aliyekijaribu chombo kwa mikono yake mwenyewe, na kwa mara ya kwanza maishani mwake hasemi uongo. Chombo chenyewe kimeshaondoka. Namshukuru Mungu, huko kilikokwenda hafiki.