Kalamu Nyekundu ya Britta

Tangu darasa la tatu, Joleen Kucera hakuwahi kusahihisha karatasi yake mwenyewe. Mwalimu wao ndiye aliyewazoesha: mkimaliza zoezi, badilishaneni na jirani, maana jicho lako litakuhurumia. Jirani yake alikuwa Britta Hruska. Sasa walikuwa wamebakiza mwaka mmoja kumaliza sekondari, na bado kila jaribio la Joleen lilipita chini ya kalamu nyekundu ya Britta.

Kwa hiyo ulipofika wakati wa kuchagua mtihani wa kuingilia chuo, ACT au SAT, walifanya kama siku zote. Jumamosi moja walijipima kwa ACT jikoni kwa kina Hruska, Jumamosi iliyofuata kwa SAT, na saa ya kuchemshia mayai ikihesabu dakika katikati ya meza.

Joleen alikuwa msomaji wa polepole. Kichwa chake hakikuwa kizito. Alipenda tu kuirudia sentensi mpaka aelewane nayo. ACT ilimkimbiza kama ndama anayepelekwa mnadani. SAT ilimwacha avute pumzi.

"Hii nimeipenda," alisema, akisukuma karatasi ng'ambo ya meza.

"Kupenda siyo kufaulu, bibie," Britta alijibu, mdomo umejaa andazi la jamu ya plamu. Akasahihisha kwa muda mrefu kuliko kawaida. "Pole, shoga. Elfu moja mia moja na ishirini. Kwenye jedwali la kulinganisha, ile ACT yako ya ishirini na nne iko juu. Fanya ACT. Tena inafanyikia hapahapa shuleni, SAT mpaka uende mjini Omaha."

Joleen hakutaka hata kuitazama ile karatasi. Alipofika nyumbani aliitupa chini ya kitanda.

Alikuwa akikiota chuo kimoja kule Minnesota, jimbo jingine, ambako watu husomea mito na udongo. Ufadhili wao ulitaka alama ishirini na saba za ACT, au elfu moja mia mbili na themanini za SAT. Bila ufadhili, mama yake alishamwambia waziwazi, hakuna Minnesota.

Mwezi wa sita akafanya ACT. Majibu yakaja: ishirini na tatu.

Britta alimkumbatia mbele ya duka la mbegu. "Yaishe, twende wote chuo cha jimbo. Chumba kimoja, mimi na wewe. Nitakuvumilia hata ukikoroma."

Joleen alicheka huku analia. Kumbe alikuwa analia peke yake.

Wiki hiyo aliivuta ile karatasi ya SAT kutoka chini ya kitanda, ajue alikosea wapi. Swali la nne, habari ya nyuki: alichagua B. Akafungua majibu nyuma ya kitabu cha mazoezi. B. Lakini kwenye karatasi yake, B hiyo ilikuwa na mkasi mwekundu, alama ya kukosa. Akadhani ni bahati mbaya. Swali la tisa, vilevile. La kumi na moja. Alihesabu maswali ishirini na matatu aliyoyapata na kukatwa, kisha akajumlisha upya, mara mbili: elfu moja mia tatu na ishirini.

Alimkuta Britta anaosha gari la baba yake.

"Ulinikata majibu sahihi."

Britta hakuuliza yapi. Maji yalizidi kumwagika kwenye changarawe.

"Ungeondoka," alisema. "Kila ukitaja Minnesota unang'aa uso, hata huulizi mimi nitakaa na nani."

"Ungeniambia nibaki."

"Ungebaki?"

"Sijui! Ndicho ulichoniibia, Britta. Sijui, na ningejua."

Britta alifunga bomba. "Kuna SAT mwezi wa nane. Kujiandikisha mwisho Ijumaa. Nitakupeleka Omaha mwenyewe, nakuapia."

Kwa mazoea ya miaka tisa, neno 'sawa' lilishafika kwenye ulimi wa Joleen. Akalimeza.

"Mama atanipeleka."

Na mama, aliposikia, hakumtukana mtoto wa watu. Alisema tu, "Nitabadilishana zamu na mwenzangu," kisha akamsogezea kompyuta. Joleen akajiandikisha kabla chai haijapoa.

Jumamosi alifanya jaribio lingine, peke yake, mezani kwao. Alipomaliza alikaa ameshika karatasi, mkono ukitafuta mtu wa kumpa. Halafu akachukua kalamu ya bluu. Swali la thelathini alikuwa ameweka alama kati ya C na D, na D ndiyo ilikuwa sahihi. Jicho likaanza kumhurumia: si ulikusudia D?

Akalikata lile swali, akaendelea na la thelathini na moja.