Waya Nyuma ya Taa ya Kuume

Taa zilizimika kwenye kona, katikati ya ukungu, na Hubert akaingiza tairi za kuume kwenye majani kabla ya kusimama. Ilikuwa mchana bado. Lakini ukishaacha Masisi-centre na kupanda, ukungu hauulizi saa. Mbele ya kioo halikuonekana hata jiwe.

"Ni nini tena?" aliuliza Sebarenzi, baba mkwe wake.

"Mafare, Papa. Zimekufa."

Tangu asubuhi hawakuwa wamesema mengi. Sebarenzi alikuwa mfugaji wa milima ya upande wa Kilolirwe, na tangu binti yake Umutoni aolewe na mtu wa msitu wa Walikale, hakuwahi kukanyaga huko. Hakugombana na mtu, hakulaani. Hakwenda tu. Mara barabara ilikuwa mbaya, mara ng'ombe walikuwa wagonjwa. Sasa Hubert alikuwa amekuja mwenyewe na jeep yake iliyochoka, akamkuta zizini, akamwambia kwamba Umutoni amezaa kwa kupasuliwa, mtoto ni mzima, lakini mama ana homa isiyoshuka na anamwita baba yake. Mzee alivaa koti, akaingia garini bila kuuliza swali hata moja.

Na bado kulikuwa na mambo mawili mbele yao. Kulikuwa na barrière, kizuizi cha barabarani, ambapo wenye bunduki hawapendi gari linalowatokea ghafla kwenye ukungu bila taa. Na chini zaidi kulikuwa na daraja la magogo, ambalo mto hulifunika mvua ikikaza. Huko chini radi ilikuwa imekwisha kuanza.

Hubert aliinama chini ya usukani, akafungua kisanduku cha fizible, vile vifyuzi vya kulinda waya. Ile ya mafare ilikuwa imeungua. Kile kiwaya chembamba kilichomo ndani ya plastiki kilikuwa kimekatika na kuwa cheusi. Akaweka mpya, akawasha. Taa zikawaka, ukungu ukageuka mweupe mbele yao, kisha zikazimika tena. Harufu ya plastiki ikajaa garini. Ilibaki fizible moja.

Sebarenzi alikwisha kushuka. Alitembea hadi kwenye kona, akarudi, akainua simu juu kutafuta reseau, akairudisha mfukoni, akaitoa tena.

"Weka waya tu," alisema. "Ao ile karatasi ya sigara yenye kung'aa. Bashofere banafanya vile."

"Banafanya, Papa, na gari zinaungua. Fizible inakufa sababu kuna kitu iko naiua. Nikiizuia isikufe, moto itaenda mu waya yote."

"Mutoto yangu iko na homa, na wewe uko nanifundisha mambo ya umeme."

Hubert naye alitaka kuchomeka chochote pale na kwenda. Lakini alizunguka nyuma ya gari, akachomoa balbu ndogo ya kuonyeshea kona. Kwenye gereji moja pale Sake aliona mafundi wakifanya hivi: balbu unaiweka mahali pa fizible. Yenyewe haiungui haraka, inawaka tu. Akaifunga kwa vipande viwili vya waya, kisha akachomoa mafare yote mawili. Sasa umeme haukuwa na pa kwenda, na balbu ilipaswa kubaki imezima. Alipogeuza swichi, ikawaka kabisa.

"Ni vile," alisema. "Kuna waya iko nagusa chuma. Nitaenda mbele kuzitikisa, lakini kule sitaona hii balbu. Papa, ukae hapa, uniambie."

Mzee aliketi kwenye kiti cha dereva kana kwamba kilikuwa cha moto, akashika zile waya mbili kama alivyoonyeshwa. Hubert akaingiza kichwa chini ya kapo, kifuniko cha injini.

"Na sasa?"

"Iko nawaka."

"Na hapa?"

"Iko nawaka. Fanya mbio."

Alimaliza upande wa kushoto bila kupata kitu. Alipokuwa anahamia kuume, walisikia lori. Lilikuwa linapanda kutoka chini, gia ya kwanza, karibu zaidi ya walivyodhani. Hubert alitaka kuruka, lakini mkono wake ulikuwa umebanwa kati ya betri na bati. Sebarenzi angeweza kutoka; mlango ulikuwa wazi. Badala yake aliegemeza kiwiko kwenye honi na hakukiondoa. Honi ililia, ikalia, hadi macho mawili ya manjano yakatokea kwenye ukungu, yakayumba, yakapita yakipangusa kioo cha pembeni.

Matope yalikuwa yakichuruzika mgongoni mwa Hubert.

"Endelea," mzee alisema. Sauti yake ilikuwa imebadilika.

Hubert aliingiza vidole nyuma ya taa ya kuume, mahali bampa ilipowahi kuchomelewa. Waya ulikuwa umelala juu ya ukingo wa bati, na ngozi yake imelika. Akauinua.

"Imezima."

Akauachia.

"Iko nawaka. Inua tena. Imezima. Ni hapo hapo, Hubert. Usiguse tena, ufunge."

Aliufunga kwa ukanda wa mpira wa ndani ya tairi, akauvuta mbali na bati na kuukaza kwa kamba. Akarudisha mafare. Ile fizible ya mwisho aliishika muda mrefu mno, hata Sebarenzi akaichukua mkononi mwake na kuichomeka mwenyewe. Taa ziliwaka, na zikabaki.

Kwenye barrière mtu mmoja aliwamulika tochi, akauliza wanakwenda wapi. "Kwa mutoto yangu," alijibu mzee, kabla Hubert hajafungua mdomo. Darajani maji yalikuwa yanapita kati ya magogo. Sebarenzi alishuka bila kuombwa, akatangulia kwenye mwanga akigongagonga gogo baada ya gogo kwa fimbo yake, na gari likamfuata polepole.

Umutoni walimkuta kitandani hospitalini, ameegemea mto, anakula ndizi. Homa ilikuwa imeanza kushuka.

"Papa, umechelewa," alisema.

Sebarenzi alisimama mlangoni, mikono imejaa grisi, hajui aiweke wapi. Pétronille, dada yake Hubert, alimpa kitambaa, kisha akampa mtoto. Mzee alimtazama sana, akamrudisha, akatoka nje, akaingia tena.

"Huku banakunywa maziwa gani?"

"Huku haina ng'ombe, Papa."

"Nitaleta moja."

"Ng'ombe ya milima itakufa huku," alisema Pétronille. "Mainzi ya musitu itaimaliza."

"Basi nitakaa nayo, nitakuwa naifukuzia."

Umutoni alicheka, akashika kidonda, akamwambia kwanza aketi. Aliketi ukingoni mwa kitanda. Halafu akainuka kumwuliza Hubert kama karibu na nyumba yao kuna majani mazuri ya ng'ombe, na kama wanaweza kwenda kuyaona sasa hivi.